Ijaribu kwa neno "watoto": mwongozo wa fonti za mviringo

Andika neno watoto. Liandike kwa herufi ndogo, kisha kwa herufi kubwa, WATOTO, ukitumia ile fonti uliyoipenda. Kama ni mojawapo ya fonti za mviringo, zile zenye o ya duara na ncha zilizolainishwa, ambazo huzikosi kwenye mabango ya shule za chekechea, vibanda vya aiskrimu na programu za simu, neno hilo moja litakuambia mengi kuliko ukurasa mzima wa sampuli za mtengenezaji. Sampuli hizo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na fonti inayopendeza kwa Kiingereza inaweza kukuangusha kwa Kiswahili. Haya ni kwa ajili yako unayeandaa bango, kipeperushi, nembo ya biashara au kurasa za programu, na watakaosoma watasoma Kiswahili.

Asili yake

Fonti hizi zimechanganya mambo mawili, na kila moja lilikuja kwa njia yake. La kwanza ni umbo. Herufi zimejengwa kwa duara, mstari ulionyooka na pembe, kama kwenye kitabu cha hesabu, ndiyo maana huitwa za kijiometria. Mwaka 1925 Herbert Bayer, wa shule ya Bauhaus iliyokuwa Dessau, Ujerumani, alibuni alfabeti ya herufi ndogo tupu iliyotokana na duara na mistari michache. Miaka miwili baadaye, 1927, Paul Renner akatoa Futura kupitia kiwanda cha herufi cha Bauer huko Frankfurt, na hiyo ndiyo iliyousambaza mtindo huu duniani. Bamba lililoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 limeandikwa kwa Futura. Lakini Futura ina ncha kali, hakuna kilicholainishwa.

Jambo la pili ni hizo ncha, na hapa vifaa viliwatangulia wasanii. Kalamu ya wachora ramani za majengo, ile yenye mdomo wa kibomba, ikipitishwa ndani ya kigezo cha plastiki huacha mstari wa unene mmoja wenye mwisho wa mviringo. Mashine ya kuchonga maandishi kwenye bati hufanya hivyohivyo, kwa kuwa keekee yake inazunguka na haiwezi kuacha kona kali. Watu walizizoea ncha hizo kwenye ramani, vibao vya milangoni na vifaa vya viwandani muda mrefu kabla hazijaanza kuitwa za kirafiki.

Mfano uliojulikana kuliko yote wa mambo hayo mawili kukutana ni VAG Rounded. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Volkswagen iliunganisha mauzo ya magari yake na ya Audi chini ya jina moja, V.A.G. Volkswagen ilikuwa ikitumia Futura, Audi ikitumia Times, na mabango ya wauzaji wao yalihitaji sura moja isiyopendelea upande wowote. Kazi hiyo ikafanywa na wabunifu wa Sedley Place, London, akiwemo Gerry Barney, ambaye tayari alikuwa amechora ile alama ya mishale miwili ya reli za Uingereza. Ukiwahi kutumia kompyuta ya Apple ya zamani kidogo, umeibonyeza fonti hiyo kila siku: ndiyo iliyokuwa kwenye vitufe vya kibodi mpaka Apple ilipoanza kuiondoa mwaka 2015 na kuweka San Francisco, fonti yake yenyewe.

Duara lisilo duara

Usidhani kwamba herufi hizi huchorwa kwa bikari na kuachwa hivyo. Jicho lina upotofu wake, na mchoraji mzuri hulifuata jicho badala ya bikari. O yenye kimo kilekile cha x huonekana ndogo kuliko x, kwa hiyo huzidishwa kidogo juu na chini. Mstari wa kulala huonekana mnene kuliko wa kusimama hata kama vipimo ni sawa, kwa hiyo hupunguzwa. Pale tumbo la b au bega la n linapokutana na nguzo, wino hujazana na kufanya doa jeusi, kwa hiyo mstari hukondeshwa hapo. Na nguzo yenye mwisho wa mviringo huonekana fupi kuliko yenye mwisho wa kukatwa, kwa hiyo nayo huongezwa urefu kidogo.

Kwa nini haya yakuhusu wewe usiyetengeneza fonti? Kwa sababu ndiyo yanayotofautisha fonti iliyofanyiwa kazi na ile iliyoungwaungwa. Andika bendera, kisha usimame mbali na skrini. Ukiona vidoa vyeusi kwenye maungio ya b, n na d, tafuta fonti nyingine. Kuna pia mtindo wa vichochoroni wa kuchukua fonti yenye kona, kuizungushia mstari mnene wenye kona laini ndani ya programu ya CorelDRAW, na kuiita ya mviringo. Matundu ya e na a huziba, herufi hunenepa zikagusana, na mteja hulipia uvimbe. Kama fundi wako anakufanyia hivyo, mwambie aache.

A ya kitabuni na a ya daftarini

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo twende taratibu.

Herufi ndogo a ina maumbo mawili. Kuna a ya kitabuni, yenye tumbo chini na kichwa kilichojikunja juu yake. Kuna a ya daftarini, ile tuliyofundishwa darasa la kwanza: duara lenye kijiti ubavuni. Fonti za kijiometria hupenda sana a ya daftarini, kwa sababu ni duara jingine tu. Mchoraji anachukua o, anaiegemezea nguzo, kazi imekwisha. Kwa karibu inasomeka bila shida. Kwa mbali, au ikiwa ndogo, au ikipigwa na jua na vumbi la miezi mitatu, kile kijiti hupotea na a hugeuka o.

Sasa fikiria ni mara ngapi a hutokea katika Kiswahili. Ndiyo herufi inayotumika kuliko zote, na silabi zetu karibu zote huishia kwa vokali, kwa hiyo kosa dogo la vokali hulipeleka neno kwingine kabisa. Taka na toka. Chama na choma. Bara na bora. Panda na ponda. Kama na koma. Kibao kinachosema "weka taka hapa" kisisomwe kama kinamfukuza mtu. Bango la "nyama choma" lenye a za daftarini, lililoandikwa kwa fonti nyembamba, likionekana na dereva aliye upande wa pili wa barabara, ni safu ya maduara na nguzo. Anachokisoma ni harufu ya moshi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kwa Kiswahili kinachosomwa kwa mbali au kwa ukubwa mdogo, chagua fonti ya mviringo yenye a ya kitabuni. Zipo, na si chache. Nunito inayo. Quicksand haina, na ndiyo maana ninaiweka kwenye nembo na vichwa vikubwa tu.

Kanuni hiyo ina pingamizi moja la haki. Mtoto anayejifunza kusoma huandika a ya daftarini, na a ya kitabuni humchanganya. Shirika la SIL lina fonti iitwayo Andika iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma, na imebaki na a ya daftarini kwa makusudi, ila imechorwa kwa namna ambayo haiwezi kudhaniwa kuwa o. Andika si fonti ya kijiometria, lakini ifungue ukiwa unaandaa kitabu cha watoto, uone tofauti kati ya a na o inavyotakiwa kuwa. Kisha ilinganishe na ile uliyonayo mkononi.

Mambo mengine ambayo sampuli haikuonyeshi

Fonti za mviringo hupendeza zaidi kwenye o, c, e, d, b, p na q. Watengenezaji wanajua, ndiyo maana sampuli zao hujaa herufi hizo, na utaona q yenye mkia wa madaha ambayo Kiswahili hakina kazi nayo. Sisi tuna k, w, y na z kwa wingi: kwa, wake, ya, wazazi, kwake, yaliyokwisha. Hizo ni herufi za mistari ya mshazari, na duara haliziwezi. Tazama zinavyokaa katikati ya zile za mviringo. Katika fonti duni w hutanuka ikawa pana kuliko wenzake wote, na k hukutanisha miguu yake vibaya. Jaza mistari mitatu ya Kiswahili cha kawaida na uangalie kama kuna herufi inayokuita kila unapotupa jicho. Herufi haipaswi kukuita.

Kwa herufi kubwa, rudi kwenye WATOTO. W na A zina mishazari inayokimbiana, A na T huacha pengo juu ya bega la A, T na O huacha pengo chini ya mkono wa T. Fonti iliyofanyiwa kazi imekwisha kupanga umbali wa kila jozi. Isiyofanyiwa kazi itakupa WA TO TO. Ukilazimika kuitumia, sogeza herufi kwa mkono, jozi kwa jozi. Kwenye bango la mita tatu dakika hizo kumi zitaonekana. Na kwa jumla, maneno ya herufi kubwa tupu katika fonti hizi yanahitaji kuachanishwa kidogo, ilhali vichwa vikubwa vya herufi ndogo huweza kubanwa kidogo.

Kisha ng'ombe. Alama ya ritifaa katika fonti nyingi za mviringo ni kidoa kinene chenye mkia, na huchukua nafasi kubwa kiasi cha kulikata neno: ng' ombe. Ibane. Usiiondoe kwa kisingizio cha urembo, kwa sababu kliniki inayotangaza kungoa meno imeandika jambo lingine.

Kiswahili chenyewe hakina alama za ziada juu ya herufi, kwa hiyo karibu kila fonti inakitosha. Lakini bango la Nyeri au Kitui linaweza kuwa na Kikuyu au Kikamba, na hapo utahitaji ĩ na ũ. Kipeperushi cha Kampala kitahitaji ŋ ya Kiganda. Fonti ikikosa herufi hiyo, programu huiazima kutoka fonti nyingine bila kukuambia, na jina la mtu hubaki na herufi moja ngeni katikati yake. Njia ya mkato: Kivietinamu nacho hutumia ĩ na ũ, kwa hiyo fonti iliyotangazwa kubeba Kivietinamu itakuwa nazo. ŋ iangalie yenyewe.

Tarakimu zipime kwa pesa. Andika namba ya simu ya biashara na namba ya malipo, iwe Lipa Namba, till au paybill. Je, 6, 8, 9 na 3 zinatofautiana ukiwa hatua kumi kutoka kwenye skrini? Je, 1 ina pua, au ni kijiti kitupu kama l na I? Je, 0 si sawasawa na O? Mteja akikosea tarakimu moja, fedha zimekwenda kwa mtu mwingine. Kama tarakimu za fonti yako ni mbovu, weka namba kwa fonti nyingine, hakuna sheria inayokukataza.

Zinakofaa kwelikweli

Sababu inayotajwa sana ni kwamba zinaonekana za upole. Ni kweli, na ndiyo maana programu ya Duolingo, inayofundisha Kiswahili tangu 2017, imejaa herufi za namna hii: mtu anayejifunza lugha hataki kuhisi yuko kwenye chumba cha mtihani. Chekechea, kliniki ya watoto, duka la keki, saluni, huduma ya simu kwa watu wasiozoea mambo ya benki, huko zinafaa.

Lakini kuna sababu za kifundi ambazo nazithamini zaidi. Stika iliyokatwa kwa plota huanza kubanduka kwenye kona. Herufi isiyo na kona kali haina pa kuanzia, kwa hiyo maandishi ya mlango wa gari au kioo cha duka hudumu zaidi. Taa za kamba zinazopindwa kuwa maandishi zina unene mmoja na mwisho wa mviringo tangu kiwandani. Mashine ya kuchonga mbao au akriliki hulainisha kona za ndani utake usitake, kwa hiyo fonti ya mviringo hutoka kama ulivyoichora. Fotokopi nazo: karatasi ya matangazo ya kanisa au msikiti inayonakiliwa kutoka nakala ya nakala hupoteza kona kwanza, na fonti ambayo haikuwa na kona haipotezi kitu. Kwa kudarizi kwenye sweta za shule na fulana, uzi wenyewe huzungusha ncha, ila usishuke chini ya nusu sentimita kwa kimo cha herufi, la sivyo matundu ya a na e yatazibwa na uzi.

Zisikofaa

Aya ndefu. Katika kitabu au makala ya kurasa kadhaa, maduara yanayofanana humchosha msomaji, na kwenye ukubwa wa pointi 9 au 10 ule ulaini wa ncha hauonekani kabisa. Unabaki na ubaya wa fonti bila uzuri wake. Weka kichwa cha habari kwa mviringo na maandishi ya ndani kwa fonti tulivu zaidi. Nunito ina ndugu yake, Nunito Sans, yenye mifupa ileile bila ncha laini, na wawili hao hukaa pamoja bila ugomvi.

Onyo la hatari lisiwe na sura ya peremende. Umeme, shimo, sumu, maji marefu: tumia herufi zenye kona. Vivyo hivyo ilani za kisheria, notisi ya kodi ya pango, na tanzia. Nimeona ratiba za mazishi zilizoandikwa kwa fonti ya keki ya siku ya kuzaliwa, eti kwa sababu ndiyo iliyokuwa tayari kwenye kompyuta ya steshenari. Marehemu hana wa kumtetea, mtetee wewe.

Unene, ukubwa na nafasi

Uzito mwembamba wa fonti hizi huvutia kwenye skrini ya mbunifu na hufa barabarani. Kwa bango la nje anza na unene wa kati kwenda juu. Usipitilize pia, kwani kwenye unene wa mwisho matundu ya a, e na s hubaki vitobo. Herufi nyeupe juu ya rangi ya giza huonekana nene kuliko zilivyo, kwa hiyo hapo shuka daraja moja.

Kwa ukubwa, mafundi wa mabango wana kipimo cha kukadiria: inchi moja ya kimo cha herufi kwa kila futi 10 za umbali, yaani karibu sentimita 2.5 kwa kila mita 3. Bango linalosomwa kutoka mita 30 linataka herufi za sentimita 25. Kwa fonti ya mviringo ongeza kidogo, kwa sababu ya zile a na o.

Ukishapata kipimo hicho utagundua kwamba maneno hayaingii. Fonti za kijiometria ni pana, na maneno yetu ni marefu: tunawakaribisha, hatutawajibika, itakayopotea. Hapo ndipo kidole humpeleka mtu kubana herufi kwa pembeni mpaka zitoshe. Usifanye hivyo. O inakuwa yai, nguzo zinakonda huku mistari ya kulala ikibaki minene, na kazi yote niliyoieleza ya kurekebisha jicho inaharibika kwa mvuto mmoja wa kipanya. Kata mstari, punguza maneno, au chagua fonti nyembamba iliyochorwa hivyo tangu mwanzo. "Hatutawajibika kwa mali yoyote itakayopotea" inaweza kuwa "Linda mali yako".

Na usilinganishe mistari pande zote mbili. Maneno marefu ndani ya safu nyembamba huacha mashimo, na katika fonti pana mashimo hayo huwa makubwa zaidi. Acha upande wa kulia ujikatie wenyewe.

Za kuanzia, na haki za matumizi

Kuna fonti nzuri za bure zenye leseni huria ya SIL, inayokuruhusu kuzitumia hata kwa biashara na kuzirekebisha, ila si kuiuza fonti yenyewe kama bidhaa. Nunito ilichorwa na Vernon Adams, kisha Jacques Le Bailly akaiongezea daraja za unene. Ina pia herufi za kulala. Quicksand ni ya Andrew Paglinawan, ya mwaka 2008, na ilifanyiwa marekebisho na Thomas Jockin mwaka 2016. Ni nadhifu, ina a ya daftarini, haina herufi za kulala. Varela Round inasomeka vizuri lakini ina unene mmoja tu, kwa hiyo hutaweza kutofautisha kichwa na maelezo bila kubadili ukubwa au rangi. Comfortaa ya Johan Aakerlund ni ya nembo na maneno mawili matatu makubwa. Aya nzima ya Comfortaa ni adhabu.

Jihadhari na fonti za kupakua zinazosema ni za bure kwa matumizi binafsi. Nembo ya duka si matumizi binafsi. Na unapopeleka kazi kwa mchapaji, geuza maandishi kuwa michoro au peleka PDF iliyobeba fonti ndani yake, la sivyo kompyuta yake itaweka Arial mahali pa chaguo lako na utaiona siku bango limekwisha kutundikwa. Baki na nakala yako ambayo maandishi yake bado yanaharirika, maana namba za simu hubadilika.

Kama hutaki kuhangaika na majaribio yote haya, chukua Nunito yenye unene wa kati, bana ritifaa ya ng', kagua namba ya simu, upeleke kazi kwa mchapaji.